Mchanga Nilioumeza

Ulimi wangu uliwahi kuwa na sifa kuliko mimi mwenyewe. Kwenye saiti, lori la mchanga likifika, mafundi waliacha kazi, vibarua wakaegemea machepe yao, nami nikatembea taratibu mpaka kwenye rundo. Nilichota mchanga kwa vidole viwili nikautia mdomoni. Ukiwa mbaya nilitema chini, na dereva alijua hana la kusema, anageuza lori. Ukiwa mzuri nilimeza. Ndiyo, nilimeza kabisa, chembe zikikwaruza koo, kisha nikafuta vidole kwenye suruali, na vibarua wakaanza kushusha.

Nilifundishwa hivyo na fundi mzee wa Pwani, enzi nimeajiriwa kwenye ujenzi serikalini. Kwao mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi ni adui wa nondo. Inakaa ndani ya zege kimya kimya, inakila chuma kidogo kidogo, na siku ukija kuona kutu kwa nje, ndani kumebaki jina. "Macho yatakudanganya na maabara itachelewa," aliniambia yule mzee. "Ulimi unao hapo hapo."

Niseme kweli, kwetu Mbozi utaalamu huo hauna kazi. Mimi ni mtu wa Igamba, na mchanga wa mito yetu ya mlimani hauna chumvi hata ya kusingiziwa. Miaka yote niliyokuwa naonja, nilionja kwa mbwembwe. Watu walipenda kutazama, nami nilipenda kutazamwa. Mchanga wa kuonja kwelikweli nilikutana nao mara moja tu maishani.

Serikali ilipotupunguza kazini, miaka ile kila ofisi ilipokuwa inapunguza watu, nilishika njia kwenda Tunduma. Huko hapakuwa na mtu aliyeuliza vyeti. Malori yalipanga foleni mpakani, saruji na nondo vilipita upande huu na ule, na katika duka moja ungesikia mmoja anasalimia "mulishani" ya Kizambia na mwingine anaitikia salamu ya Kiislamu. Nilipata kazi kwa mkandarasi mmoja, mtu wa Tabora aliyeanza na duka la misumari akaishia kuwa na kampuni. Alikuwa mtu wa haki. Aliswali kwa wakati na aliwatukana madereva kwa wakati. Nilikuwa msimamizi wake wa mafundi kwa miaka mingi, na sina baya la kumsemea.

Yeye ndiye aliyekuja siku moja na habari ya mkataba wa ajabu. Wafadhili walitaka kujenga wodi ya wazazi katika kijiji kimoja pande za Ivuna, kule bondeni kwenye chumvi. Kijiji chenyewe sitakitaja. Wakati huo sote tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya, na mama mjamzito wa huko, uchungu ukimbana, alipakiwa juu ya magunia kwenye lori la mpunga akaombewa dua. Wodi ilihitajika, hilo halikuwa na ubishi. Kigeni kilikuwa namna ya kuijenga.

Tulikutana kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni pale Tunduma. Alikuwepo mkandarasi wangu, alikuwepo mtu wa halmashauri, nilikuwepo mimi kwa niaba ya mafundi, na alikuwepo mwakilishi wa kijiji, ambaye nitamfikia. Aliyetuita alikuwa injinia wa wafadhili, mama kutoka Dar es Salaam, mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alitueleza kwamba mikataba tuliyoizoea ni ya kuviziana. Mwenye kazi anamvizia mkandarasi, mkandarasi anamvizia injinia, na kila mmoja ana faili la barua za kujikinga. Huu ulikuwa mkataba wa ushirika. Pande zote zinakaa meza moja kuanzia siku ya kwanza. Uamuzi ni wa kauli moja. Kazi ikienda vizuri tumefaidi wote, ikienda vibaya tumepata hasara wote.

"Na jambo kubwa ni hili," alisema. "Hakuna kulaumiana wala kushtakiana. Kazi ikiharibika hatutauliza ni nani. Tutauliza ni nini, na tunatengenezaje. Ukiona kosa, hata kama ni lako mwenyewe, lilete hapa mezani. Likishafika hapa ni letu."

Mkandarasi aliniinamia sikioni. "Fundi, huu ni mkataba au ni ndoa?"

"Ndoa ina talaka, bosi," nikamjibu.

Tulicheka, lakini moyoni niliupenda. Mimi nimekulia kwenye mafaili. Nimeshuhudia daraja likikaa bila kukarabatiwa msimu mzima wa mvua kwa sababu watu wawili walikuwa wanaandikiana barua kuhusu kosa la nani. Kusikia kwamba mtu anaweza kusema "nimekosea" na mshahara wake ukabaki palepale, nilijiona nimeingia peponi na viatu vyangu vya saiti. Nilitia sahihi kwa mwandiko mzuri kuliko wote mezani.

Sasa yule mwakilishi wa kijiji. Alikuwa mama mjane, mtu mzima, kiongozi wa kina mama waliopewa kazi ya kuchimba na kuleta mchanga na maji, ndiyo sehemu ya kijiji katika ushirika ule. Mke wangu ni wa ukoo wao, kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa shemeji. Maisha yake yalikuwa chumvi. Pale chemchemi za chumvi kila ukoo una sehemu yake ya kurithi. Unachota udongo wenye chumvi, unautia kwenye chujio, unamwagia maji, na yale yanayochuruzika unayachemsha kwenye vyungu na masufuria mpaka chumvi ibaki nyeupe chini. Sehemu yake aliachiwa na mama yake, naye aliachiwa na wa kwake. Alisomesha watoto kwa moshi ule.

Mezani hakufungua mdomo. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mkoba mapajani, akiitikia kwa kichwa. Ungedhani ni bubu. Nje ya mlango, ole wako. Alinitania tangu kwenye ngazi: tumbo langu, kofia yangu ya plastiki, Kiswahili changu chenye Kinyiha ndani yake. Siku ya kwanza nafika kijijini aliwaambia wenzake, "Mpokeeni shemeji yetu, amekuja kutujengea nyumba ya kuzalia. Nadhani na yeye miezi imetimia." Nilimjibu yanayojibika. Ndivyo shemeji wanavyoishi.

Lakini kuna jambo linalojulikana na kila mtu wa huku, na nalieleza kwa sababu bila hilo hamtanielewa. Mwanamke wa heshima hamrekebishi shemeji yake mwanamume mbele ya wageni. Ni kumvua nguo. Akiwa na neno zito la kumwambia, analivika kicheko, anampa kama utani. Mwenye akili anacheka pamoja na watu, kisha akiwa peke yake analivua lile neno nguo zake na kulitazama. Mimi nililelewa hivyo. Sikuhitaji kufundishwa na mtu.

Ramani ilisema mchanga utoke mtoni, mbali kidogo, na sampuli yake ilishapelekwa maabara ikapita. Tatizo lilikuwa kivuko. Mawingu ya mwaka yalianza kujikusanya mapema, na lori lilikwama mara mbili kwenye tope, mara ya pili tukalala nalo. Mimi nikawa nazunguka kutafuta njia nyingine, na nyuma ya kijiji nikaona korongo kavu lenye mchanga wa kupendeza: mnene, safi, unalia chini ya kiatu. Kina mama wangeweza kuuleta kwa ndoo na mkokoteni wa ng'ombe, bila lori wala kivuko. Nilirudi mezani nimevimba kifua.

Injinia aliuliza, "Ni mchanga uleule uliopimwa?"

"Korongo linaingia kwenye mto uleule," nilisema. "Ni mkono wake tu."

Huo haukuwa uongo. Ulikuwa aina ya ukweli ambayo mtu anaichagua. Katika mikataba ya zamani angetokea karani mmoja mkorofi akadai sampuli mpya, na mimi ningemchukia. Hapa tulikuwa tunaaminiana. Injinia alisema hii ndiyo roho ya ushirika, fundi anafikiri kama mwenye mali, na watu wakanipigia makofi. Yule shemeji yangu alipiga makofi mara mbili, polepole, akaacha.

Asubuhi rundo la kwanza lilipokamilika, kijiji kizima kilikuwepo. Mwenyekiti wa kijiji alikuja na kiti chake. Mafundi waliacha kazi, vibarua wakaegemea machepe. Nikasogea. Shemeji yangu alikuwa amesimama kando ya rundo, vumbi hadi kwenye nyusi, ndoo kichwani bado.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "mchanga wako huu ukiuchanganya na maharage, hata chumvi huhitaji kutia!"

Watu waliangua kicheko. Mimi pia. Nikachota kwa vidole viwili nikatia mdomoni.

Ulikuwa na chumvi. Si chumvi ya kukunja uso, lakini ilikuwepo, inaingia pembeni mwa ulimi taratibu na kukaa. Kwa mara ya kwanza tangu niache kufundishwa na yule mzee wa Pwani, ulimi wangu ulikuwa na kazi ya kufanya. Ilinipasa kutema. Nikitema pale, korongo langu limekufa, makofi yangu yamekufa, kina mama wamechimba bure siku nne, na tunarudi kwenye kivuko na mvua zinakuja. Mbaya zaidi, nimeumbuliwa na shemeji kwa mzaha mmoja mbele ya kijiji. Yote hayo yalipita kichwani kwa muda wa kumeza mate.

Nikameza.

"Asali tupu!" nikasema nikifuta vidole kwenye suruali. "Ninyi watu wa chumvi hata maji ya mvua mnayaona yana chumvi." Walicheka zaidi ya mara ya kwanza. Machepe yakaanza kazi. Yeye hakucheka. Alitua ndoo, akanitazama kidogo, akaenda kuteka nyingine.

Kikao cha mezani kilikuwa wiki hiyo hiyo, chini ya hema pale saiti. Mwishoni injinia aliuliza kama kawaida yake, "Kuna mwenye jambo lolote? Hata dogo?" Shemeji yangu aliinua uso akaniangalia. Hakuangalia injinia wala mtu wa halmashauri. Aliniangalia mimi, kama mtu aliyekwisha kutoa chake na anasubiri chenji. Nami nikaanza kupekua makaratasi niliyokuwa nimekwisha kuyapekua. Kwenye muhtasari iliandikwa kwamba suala la mchanga limemalizika. Muhtasari huo nilikaa nao nyumbani miaka mingi, mpaka panya walipoula, na sikusikitika.

Nimejiuliza sana kwa nini. Kama ungekuwa mkataba wa zamani ningekuwa na kisingizio: ningefukuzwa, ningeshtakiwa, watoto wangelala njaa. Hapa nilikuwa nimefunguliwa mlango wazi, nikaambiwa ingia na kosa lako, litakuwa letu. Nilichoogopa hakikuwa adhabu. Niliogopa sura zao za upole. Niliogopa injinia aseme "asante kwa uaminifu wako, fundi," na ulimi wangu kuanzia siku hiyo uwe ulimi wa mtu yeyote. Ni sababu ya kijinga, na ndiyo niliyo nayo.

Wodi iliisha kabla ya mvua kubwa. Ilipakwa rangi ya maziwa. Siku ya kufunguliwa kina mama walicheza mpaka vumbi likafunika wageni, na mtoto wa kwanza aliyezaliwa humo alipewa jina lenye maana ya baraka. Nilikula wali kwa kiburi siku hiyo.

Haukupita mwaka, kuta zikaanza kutoa ungaunga mweupe chini, kama nyumba zote za kijiji kile, ambazo wenyewe husema zimeliwa miguu. Walipiga rangi. Ungaunga ukarudi. Mwaka uliofuata lipu ikabanduka vipande, na kwenye lenta, zege la juu ya milango, ukatokea mstari wa kutu wa rangi ya chai. Mimi nilipoonyeshwa picha yake sikuhitaji kuuliza. Mvua za tatu ziliponyesha, paa la zege la kibaraza mbele ya mlango lilikatika upande mmoja likaangukia benchi ambalo wajawazito hukaa kusubiri. Ilikuwa saa nne asubuhi. Walikuwa wanne, na wote walikuwa wameinuka muda huo huo kwenda kumtazama mwenzao aliyejifungua mapacha. Hakuumia mtu. Nesi alisema ni Mungu. Nami nasema ni Mungu, kwa sababu kwa upande wangu nilikuwa nimekwisha kufanya kila kinachotakiwa ili waumie.

Wodi ilifungwa siku hiyo hiyo, na lori la mpunga likarudi kwenye kazi yake ya zamani.

Tukaitwa tena mezani, ukumbi uleule Tunduma. Wataalamu walikuwa wamechukua vipande vya zege wakavipima. Injinia alisoma kwa sauti ileile ya darasa la kwanza: chanzo ni chumvi iliyokuwa ndani ya mchanga. Kisha akafunga karatasi. "Hatutafuti mtu," alisema. "Nataka tu tujifunze. Chumvi iliingiaje? Kama kuna anayejua, aseme, na tutamshukuru."

Mtu wa halmashauri alikuna shavu. Mkandarasi alikuwa anahesabu tasbihi yake chini ya meza, maskini, naye hakujua lolote. Shemeji yangu alikaa kwenye ncha ya kiti, mkoba mapajani, na safari hii hakuniangalia kabisa. Aliangalia dirishani. Yeye alikuwa ameshasema lake, kwa namna ambayo watu wetu husema, na aliyeambiwa nilikuwa mimi. Nami nilikaa kimya mpaka injinia akaandika: jinsi chumvi ilivyoingia haikuthibitika. Ushirika ulikubaliana kujenga upya kwa gharama ya wote, kwa mchanga wa mtoni. Tukapeana mikono.

Kilichofuata sikukitazamia, na ningepaswa kukitazamia. Sisi watano tulikuwa tumetia sahihi ya kutolaumiana. Kijiji hakikuwa kimetia sahihi chochote. Wao walisikia neno moja tu kutoka kwetu, "chumvi," nao wakakaa mkutano wao. Nani kijijini anashinda na chumvi? Nani aliongoza uchimbaji wa mchanga? Lundo la udongo wa chujio la nani liko kando ya njia ya korongo? Mmoja akakumbuka kwamba aliwahi kumwona akijaza ndoo karibu na lundo lile. Mwingine akasema alifanya hivyo ili kupunguza safari. Na wote walikumbuka jinsi fundi mwenyewe, mwenye ulimi wake, alivyouonja ule mchanga mbele ya kijiji kizima akasema asali tupu. Basi ulipotoka korongoni ulikuwa mzuri. Aliyeuharibu ni aliyeubeba.

Ushahidi uliomwangusha ulikuwa koo langu.

Walimtoa kwenye uongozi wa kina mama. Kisha wakamnyang'anya sehemu yake pale chemchemi, ile ya mama yake, wakampa ukoo mwingine. Habari hizo nilizipata kwa simu, niko Tunduma nasimamia ujenzi wa ghala la mahindi. Aliyenipigia alikuwa mkandarasi.

"Wamempata mtu wao, Fundi," alisema. "Yule mama wa chumvi. Kumbe alikuwa anachanganya udongo. Alhamdulillahi, sisi tumetoka salama."

"Kweli?" nikasema.

"Ndiyo hivyo. Watu, bwana."

Nikasema, "Watu, bwana." Kisha nikarudi kuwafokea mafundi kwa sababu ya ukuta uliokuwa hauna kosa lolote. Siku ile niliwafokea mpaka mmoja akavua glavu akaondoka.

Wodi ya pili ilijengwa na wasimamizi wengine. Mimi niliomba udhuru wa mgongo. Imesimama hadi leo, sina shaka, mchanga wa mtoni hauna maneno. Kazi zangu ziliendelea. Kwenye saiti nyingine waliniletea mchanga wakasimama kusubiri mbwembwe, nikawaambia meno yananiuma. Toka hapo sijaonja tena.

Ningekuwa nimekufa na siri hiyo kama si mke wangu. Alikwenda msibani huko kwao, akarudi amechoka, akakaa jikoni na kuanza kunipa habari za ndugu mmoja mmoja. "Na yule mwenzako wa utani," alisema, "siku hizi anachemshia watu. Yuko pale pale kwenye sehemu yao ya zamani, lakini ni kibarua. Amezeeka vibaya." Akavua viatu. "Amekusalimu. Amesema nikwambie mchanga bado upo korongoni."

Mke wangu alicheka, akidhani ni utani wa mashemeji. Sikulala vizuri kwa juma zima, na wiki iliyofuata nilipanda gari hadi Mlowo, nikapata lori linaloteremka bondeni kufuata mpunga. Nilikaa mbele na dereva nikijipanga maneno. Nitakwenda kwa mwenyekiti, nitaomba mkutano, nitasema: mchanga ulitoka korongoni na chumvi yake, mimi niliuonja, nilijua, nikameza. Mrudishieni huyu mama sehemu yake. Ni maneno machache. Niliyarudia mpaka dereva akaniuliza kama naomba.

Nilimkuta pale chemchemi, moshi umemzunguka, anakoroga sufuria kwa mti mrefu. Alikuwa amepungua, mabega yametokeza. Aliponiona hakushangaa.

"Karibu, shemeji. Tumbo limeshuka. Ulijifungua salama?"

Nilijaribu kucheka nikashindwa. Nikamwambia nimekuja kwa jambo. Nikamwambia kwamba siku ile mchanga ulikuwa na chumvi, na mimi nilijua. Sauti ilinikatika hapo katikati, na siioni kuwa ni jambo la kujivunia, maana machozi ya mtu aliyeshiba ni rahisi.

Aliendelea kukoroga mpaka nilipomaliza.

"Mimi unaniambia nini?" alisema. "Mimi nilikuwepo. Nilikuona koo lilivyopanda na kushuka. Nikasema, huyu ni mtu mzima, atakwenda kulala nalo, kesho atalileta." Aliinua mti, akautazama, akaurudisha. "Wenye sehemu wanakuja sasa hivi kuchota. Mwenyekiti ni baba yao mdogo. Waambie wao."

Na kweli walikuja, wanawake watatu wenye mabeseni, mmoja kijana mwenye kitenge kipya, ndiye mwenye sehemu. Walitusalimu vizuri. Yule kijana aliniangalia viatu, akamgeukia shemeji yangu.

"Mama, mgeni wetu ni nani?"

Aliniachia mimi swali. Alinisubiri. Alikoroga mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, macho kwenye sufuria, akinipa nafasi kubwa kuliko aliyonipa injinia. Maneno yangu yote ya njiani yalikuwepo. Niliyahisi kinywani, makavu. Wale wanawake walikuwa wananitazama kwa heshima, kama vibarua walivyokuwa wakinitazama zamani.

"Ni shemeji yangu," akasema hatimaye. "Amekuja kununua chumvi."

"Karibu sana, baba," alisema yule kijana, akafurahi. Kama ilivyo desturi ya pale kwa mnunuzi, alichota punje chache kutoka beseni lililokwisha kukauka akaniwekea kiganjani, nionje kwanza niridhike na mali.

Nikatia mdomoni. Shemeji yangu aliinua uso.

Nikameza. "Nzuri," nikasema, na yeye akainama tena, akaendelea kukoroga.